Wafadhili Wamelikataa Swali Langu, Sasa Napewa Fedha za Swali la Wengine

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Huu ni mwaka wangu wa nne kazini, na shahada yangu ya uzamili ni ya uongozi na sera za elimu. Tangu niajiriwe nimekuwa nikisimamia semina za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba hunikuta jambo lile lile. Mwaka juzi kundini kwangu alikuwamo kijana mmoja ambaye kwa wiki saba alikuwa akibebana na mwenzake kwenye kitanda kimoja cha bweni, akisubiri jina lake litoke katika awamu ya tatu ya mikopo. Bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo, lilipofika, semina ya siku hiyo akaikosa kwa kuwa alikuwa kwenye foleni ya kusaini, na jaribio la kwanza lilikuwa limekwisha kumpita, kwa sababu hakuwa amekamilisha usajili na jina lake halikuwamo kwenye orodha. Mwisho wa mwaka alirudia masomo mawili. Sikumwona mzembe hata siku moja.

Kwa ajili yake na wenzake niliandika andiko la utafiti lenye kichwa “Athari za Sera ya Ugharamiaji wa Elimu ya Juu katika Maendeleo ya Rasilimali Watu Tanzania”. Nilipanga kufika vyuo vikuu saba, na bajeti ilikuwa shilingi milioni 84, ambazo milioni 31 kati yake ni za kukodi gari na mafuta. Nimelipeleka mara tatu: kwenye ruzuku za ndani za chuo chetu, kwenye mfuko mmoja wa hapa nchini, na kwa shirika moja la nje. Wa kwanza walisema mada ni pana. Wa pili hawakujibu. Wa tatu waliandika sentensi moja ambayo mpaka leo inanichoma: “Haijabainika ni uamuzi gani wa kisera unaoweza kubadilika kutokana na matokeo ya utafiti huu.”

Sasa taasisi moja ya Ulaya imeniandikia. Wanataka kufahamu kama wahitimu wa vyuo vyetu wana ujuzi wa kidijitali ambao waajiri wanauhitaji. Watatoa yuro 18,000, mimi niwe mratibu wa ukusanyaji data, nijaze madodoso 1,200 katika vyuo vinne, niwatumie, nao wachambue huko kwao. Mkuu wa Idara ananiambia, “Fedha ni fedha, binti yangu, chukua. Swali lako utalirudia ukishapata jina.” Nina wasiwasi kwamba nikilikubali hili, lile langu halitaandikwa kamwe. Nikilikataa, huenda nisipate fedha nyingine mpaka nitakapokwenda masomoni. Tena sina hakika kama tatizo la andiko langu ni lugha, ni mbinu, au ni kwamba bado sina shahada ya uzamivu. Naomba ushauri wako.

Mhadhiri Msaidizi, Tanzania

*

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo lililonishangaza ni kwamba kijana wa kitanda cha kubebana yumo kwenye barua lakini hayumo kwenye andiko. Kwenye barua kuna wiki saba, awamu ya tatu, jaribio lililokosekana na masomo mawili yaliyorudiwa. Kwenye andiko kuna “maendeleo ya rasilimali watu Tanzania”, maneno ambayo hayana tarehe, hayana mtu, wala ofisi inayoweza kuulizwa. Kabla hujanung'unikia lugha au shahada, rudi hapo. Walichokikataa wafadhili ni mada. Swali lako hawajaliona.

Nimewahi kukaa katika jopo la kupitia maandiko ya watafiti. Mtu hupewa maandiko ishirini au thelathini, huyasoma usiku baada ya kazi zake, na kwa kila moja hutafuta kwanza sentensi inayosema ni kitu gani hasa hakijulikani, na nani atafanya nini kikishajulikana. Akifika ukurasa wa tatu hajaipata, huanza kusoma bajeti, na kwenye bajeti yako atakutana na gari. Milioni 31 kati ya 84 ni zaidi ya theluthi moja ya fedha zote. Msomaji aliyechoka ataona safari yenye utafiti ndani yake. Sikulaumu, kwa maana na mimi nimewahi kuliweka gari la namna hiyo katika andiko langu la kwanza, kwa imani kwamba vyuo vingi ndivyo vinavyoufanya utafiti uitwe wa kitaifa.

Ile sentensi ya mfadhili wa tatu, ambayo unasema inakuchoma, ndiyo zawadi pekee uliyopewa katika majibu uliyoyapata. Jaribu kuijibu. Ni uamuzi gani unaoweza kubadilika? Katika mikopo ya wanafunzi maamuzi yapo mengi, na kila moja lina mwenyewe. Kiwango cha makato ya mshahara kwa wanufaika kimewekwa na sheria: kilikuwa asilimia 8, kikapandishwa kuwa 15 kwa marekebisho ya mwaka 2016, na kukibadilisha ni kazi ya Bunge. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021 kwa uamuzi wa juu kabisa wa Serikali. Idadi ya awamu za kupanga mikopo na siku ambayo orodha hutoka ni mambo ya Bodi ya Mikopo yenyewe. Ama kumruhusu au kutomruhusu mwanafunzi anayesubiri mkopo asajiliwe kwa muda na afanye jaribio, hilo mara nyingi liko mikononi mwa chuo. Umeona mahali kijana wako alipokwama? Alikwama kwenye uamuzi wa chuo, unaoweza kurekebishwa katika kikao kimoja cha Seneti, wala hauhitaji vyuo saba.

Kwa hiyo swali lako, kwa maneno yangu, ni hili: je, wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao mkopo wao ulifika baada ya usajili kufungwa wanafeli au wanaacha masomo zaidi kuliko wenzao waliopata mapema, na je, tofauti hiyo hupungua chuo kinapowasajili kwa muda? Swali hili lina jibu. Linaweza hata kujibiwa kwa hapana, na hilo ni muhimu, kwa sababu andiko ambalo matokeo yake yanajulikana kabla ya kazi kuanza halina sababu ya kulipiwa.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na ndipo ninapotaka ukae kwa muda mrefu kuliko ulivyokaa kwenye bajeti. Waliopata awamu ya kwanza na waliopata awamu ya tatu hawatofautiani kwa tarehe peke yake. Unafahamu kwamba mwombaji wa mkopo hutakiwa vyeti vyake vya kuzaliwa, na vya vifo vya wazazi pale wanapokuwa wamefariki, vihakikiwe na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, au na mamlaka husika kwa upande wa Zanzibar. Binti ambaye cheti cha kifo cha baba yake kiko kwa baba mdogo katika wilaya nyingine, na baba mdogo hapokei simu, atachelewa. Anayesoma mjini, ambaye dada yake anafanya kazi ofisini na mashine ya kuchanganulia nyaraka iko mezani, hatachelewa. Ukiwalinganisha hawa wawili ukakuta wa kwanza amefeli zaidi, utasema ni mkopo uliochelewa, na mhakiki atasema ni uyatima na umbali. Wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Andiko linaloliona tatizo hili kabla ya mhakiki kuliona, na kusema litafanya nini juu yake, limekwisha kuvuka nusu ya mlima.

Utafanya nini? Njia moja ni kulinganisha wanafunzi wanaofanana kwa alama za kidato cha sita, aina ya shule na hali ya wazazi, wakatofautiana kwa tarehe tu. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kutafuta kama chuo chako kiliwahi kubadili utaratibu wa usajili. Vyuo vingi hubadili mambo haya kwa waraka wa ukurasa mmoja ambao hakuna anayeukumbuka. Kama kuna mwaka ambao wanaosubiri mkopo walianza kuruhusiwa kufanya majaribio, basi una kabla na baada ndani ya chuo kile kile, kwa walimu wale wale na mitihani ya aina ile ile. Waulize wazee wa ofisi ya usajili, na ukienda, nenda na chai.

Hayo yanatuleta kwenye jambo ambalo barua yako haikuligusa kabisa, nami naliona kubwa kuliko fedha. Kumbukumbu ziko wapi, na nani atakufungulia? Orodha za waliopangiwa mikopo hufika chuoni kwa awamu, na dawati la mikopo lina rekodi za nani alisaini siku gani. Tarehe za usajili na matokeo ya mitihani yako kwenye mfumo wa chuo. Data unayoihitaji, kwa sehemu kubwa, imekwisha kukusanywa na watu wanaolipwa mshahara, na iko mita mia tatu kutoka ofisini kwako. Kilichobaki ni ruhusa ya kuziunganisha orodha hizo na kuondoa majina. Kati ya mwaka 2007 na 2017 hivi kulikuwa na mradi mkubwa wa utafiti wa elimu ya juu Afrika, uliojulikana kwa kifupi HERANA na kuratibiwa kutoka Cape Town, ukihusisha vyuo vikuu kama Dar es Salaam, Makerere, Nairobi na Ghana. Sehemu kubwa ya jasho la mradi ule ilikwenda katika kupata takwimu za kawaida kabisa zinazoweza kulinganishwa: wamesajiliwa wangapi, wamehitimu wangapi, walimu wangapi wana uzamivu. Ikiwa vyuo vikongwe vilihitaji mradi wa kimataifa ili kujihesabu, usidhani mfadhili ataamini kwamba wewe utapata takwimu zako kwa sababu tu umeandika “data zitakusanywa”.

Nenda basi kwa afisa mikopo na kwa Msajili kabla hujaandika neno jingine. Ukitoka na barua ya kurasa mbili inayosema kumbukumbu za mikupuo mitatu ya udahili zipo, zina taarifa hizi na hizi, na utapewa baada ya kamati ya maadili kuridhia, barua hiyo kama kiambatanisho itafanya kazi ambayo kurasa kumi za mapitio ya machapisho haziwezi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kutumika tangu Mei 2023. Andika wazi namba za usajili zitafichwaje, faili litakaa kwenye kompyuta ipi, na nani atakuwa na nywila. Si urembo. Afisa anayetakiwa kukupa kumbukumbu anaogopa jambo hilo hilo, na ukilitaja wewe kwanza unampunguzia hofu.

Ukifika hapo, bajeti itajiandika. Chuo kimoja, hakuna gari. Msaidizi mmoja wa kusafisha orodha kwa miezi mitatu, mahojiano na wanafunzi thelathini hivi wakiwamo walioacha masomo, nauli za kuwafuata hao walioacha, unukuzi wa mahojiano, na kikao kimoja cha kuwasilisha matokeo kwa ofisi zinazohusika. Nakisia, kwa bei za mjini, haitavuka milioni 10 au 12. Kiasi hicho kinaombeka kwenye ruzuku ya ndani ya chuo, nawe utakuwa na kitu mkononi utakapobisha mlango mkubwa zaidi.

Milango mikubwa ipo, ila haifanani. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hutoa ruzuku kupitia mfuko wa taifa inaousimamia, lakini soma kila tangazo kwa makini, kwa sababu vipaumbele vyake mara nyingi ni kilimo, afya, viwanda na teknolojia, na mtu wa sera za elimu akiomba pasipo kualikwa atapoteza mwezi mzima. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1973, imekuwa nyumba ya watafiti wa sayansi ya jamii Afrika na inachapisha jarida mahususi la elimu ya juu barani. Kwa mtu wa daraja lako warsha zake za mbinu za utafiti zina faida pengine kuliko fedha zake. Spencer Foundation ya Chicago hufadhili utafiti wa elimu peke yake, ina ruzuku ndogo zisizozidi dola 50,000, na haimfungii nje mwombaji kwa sababu ya nchi yake. Hapo ndipo suala la uzamivu linapokuja: wanataka mtafiti mkuu awe nao, au awe na uzoefu unaolingana nao katika kazi ya utafiti wa elimu. Kwa hiyo shahada ni kizingiti kwa baadhi ya wafadhili, ila sioni kama ndiyo iliyoliangusha andiko hili. Tafuta mwandamizi mmoja anayelijali swali lenyewe awe mtafiti mkuu, nawe uwe mtafiti mwenza, na mgawanyo wa kazi uandikwe. Profesa wa kuazima jina tu atakusumbua siku ya kuandika ripoti.

Sasa taasisi ya Ulaya. Mkuu wako wa Idara amesema fedha ni fedha, nami namheshimu, lakini katika fani yetu maneno hayo yana historia. Mwaka 1986 Benki ya Dunia ilitoa mapendekezo yake kuhusu ugharamiaji wa elimu katika nchi zinazoendelea, yakiegemea tafiti zilizohesabu faida ya kila ngazi ya elimu kwa jamii. Hesabu ikaonyesha shule ya msingi inalipa kuliko chuo kikuu, na kwa hiyo mwanafunzi wa chuo achangie gharama zake. Hapa kwetu uchangiaji ulianza mwaka wa masomo 1992/93, na Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ni mjukuu wa hesabu ile. Ilipofika mwaka 2000, jopo lililoitishwa na Benki hiyo hiyo pamoja na UNESCO lilikiri kwamba hesabu ile ilikuwa finyu, kwamba iliacha nje mengi ambayo chuo kikuu huipa jamii. Sisemi kwamba kila anayekuja na fedha za utafiti analeta mkosi. Nasema aliyelipia swali ndiye aliyechagua kitakachohesabiwa, na foleni ya kusaini bumu aliyosimama kijana wako ina asili yake katika swali lililolipiwa mbali na hapa.

Wala swali la taasisi hii si baya. Kinachonikera ni cheo ulichopewa. Mratibu wa ukusanyaji data, katika lugha ya mikataba hii, ni mtu ambaye jina lake litakaa kwenye shukrani. Usikatae, ila usikubali barua ilivyo. Jibu kwa adabu ukitaka mambo yafuatayo yaandikwe kabla ya dodoso la kwanza kujazwa: kwamba nakala kamili ya data itabaki chuoni kwenu na utakuwa na haki ya kuitumia, kwamba utashiriki katika uchambuzi na utakuwa miongoni mwa waandishi wa makala, na kwamba dodoso litaongezewa maswali manane ya kwako. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka hasa. Maswali manane yanatosha kumuuliza mhitimu alipata mkopo awamu ipi, mwezi gani, aliishi vipi kabla ya hapo, na alikosa jaribio au hakukosa. Kwa madodoso 1,200 ya vyuo vinne, ambayo wao wameyalipia, utakuwa umepata picha pana uliyokuwa ukiitafuta kwa gari la milioni 31. Hakikisha tu kwamba kamati ya maadili imeyaona maswali hayo pia, maana kuyachomeka kimya kimya baada ya kibali ni kosa, hata yakiwa ya haki.

Halafu kuna suala la vibali ambalo naona halijatajwa upande wowote. Watafiti wa kigeni wanaofanya utafiti nchini wanapaswa kuwa na kibali cha COSTECH, na wakija wenyewe wanahitaji pia kibali cha ukaazi. Katika vyuo kadhaa vya umma mfanyakazi wa chuo hupewa barua ya kibali na Makamu Mkuu wa Chuo, na barua hiyo ndiyo anayokwenda nayo kwa Katibu Tawala wa Mkoa na kwenye taasisi nyingine. Ukizunguka vyuo vinne kwa barua ya chuo chako, ukikusanya taarifa za kazi ambayo kwa kweli ni yao, kisha ukazituma nje ya nchi, atakayeulizwa ni wewe, na sheria ya taarifa binafsi niliyoitaja ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje. Waulize leo, kwa barua pepe, kibali kitaombwa kwa jina la nani na gharama yake iko kwenye fungu lipi la zile yuro 18,000. Majibu yao kwa swali hilo moja yatakuonyesha kama ni washirika au wanatafuta mjazaji.

Wakikubali, fanya kazi zote mbili, ya kwao kwa madodoso na ya kwako kwa kumbukumbu za chuo. Wakikataa yote, hasara yako ni yuro ambazo nyingi zingeishia kwenye posho za wajazaji, na bado afisa mikopo yuko mita mia tatu kutoka mezani kwako.

Ukishapata barua ya Msajili, niandikie tena, na unitumie ukurasa wa kwanza wa andiko jipya pamoja na bajeti. Nitaanza kusoma kwenye bajeti, nione kama lile gari limeondoka.